Tundu la Upande wa Migomba

Kisaki, 25 Mei 2025

Shemeji Eufrazia,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo, ingawa najua utasema nakuzeesha. Wewe ni dada wa marehemu mke wangu na umenitangulia kuzaliwa, kwa hiyo pokea tu.

Mimi huku ni mzima. Nimepata kibarua cha kufyeka majani pembeni mwa reli. Kambi yetu iko mbali na stesheni na simu haishiki mpaka utembee. Joto la huku lingemshinda Cecilia. Yeye alizoea baridi yenu ya Mgeta, ile ya kutia mikono kwapani asubuhi kabla hajashika jembe. Mpaka leo nikiamka natazama kwanza kama mikono yake imepata moto.

Shemeji, sina kinyongo kuhusu shamba. Najua kwenu ardhi ni ya ukoo wa mama, na mimi niliyekuja kuoa, mke akishazikwa, sina tuta langu. Baba yangu alikuja na reli kutoka Njombe, na mimi nimerudi relini. Kilichonichoma ni kumwacha Judith. Lakini nyumba yako ndiyo nyumba ya mama yake, na hapa kambini tunalala wanaume pekee kwenye mabati.

Katika sanduku nimekuta shanga za Cecilia ndani ya kopo la poda. Nimezifunga kwenye khanga yake ile ya kijani, nikampa Hosiana, yule mama jirani yenu auzaye karoti, aliyekuja hapa kumzika shangazi yake, akuletee. Mpe Judith. Nilitaka awe na kitu cha mama yake cha kushika, basi.

Ananiandikia vizuri siku hizi, mwandiko umenyooka. Mwambie mtihani wa darasa la saba ni Septemba na mimi nahesabu naye. Mama yake alimwambia kabla hajafa, "Wewe utakaa bweni, ulale kitanda cha juu." Asisahau kitanda cha juu.

Msalimie shemeji Gabrieli.

Ni mimi,
Fransisko


Mgeta, 15 Juni 2025

Shemeji Fransisko,

Milele amina. Marahaba, mzee mwenzangu. Barua imefika na mzigo umefika.

Hosiana alipopanda mlima alimkuta kaka Gabrieli kibarazani na wazee wawili wa ukoo, akampa yeye mzigo. Kaka akaufungua mbele yao. Alizitazama zile shanga, halafu akasema, "Kumbe shemeji ni mtu mwenye adabu." Wazee nao wakakusifu. Basi usiwe na wasiwasi, wamefurahi.

Judith hajambo. Amenenepa na amekuwa mweupe, ungemwona usingemjua. Jua halimpati sana. Shule zimefungwa kwa likizo, kwa hiyo anapumzika. Chakula anakula. Nampikia njegere kila nikipata.

Huku ni ukungu tu. Jana nilikuwa napukuchua njegere nikamkumbuka mdogo wangu. Alikuwa akikuta yenye mdudu haitupi. Anampelekea yule jogoo wake kilema, na anamwita kabisa kwa jina, "Padri, njoo ule." Mama alikuwa anamgombeza kwamba padri haitwi hovyo, na jogoo anakuja mbio.

Hutapata barua ya Judith safari hii. Kalamu imeisha. Nitanunua.

Usinipigie kwa simu ya kaka, maana sauti inakatika. Ukiwa na neno, liandike umpe mtu wa basi, Hosiana atalichukua mjini akishusha karoti.

Wako,
Eufrazia


Kisaki, 20 Julai 2025

Shemeji Eufrazia,

Nimekwenda stesheni Jumamosi, simu ikashika, ukaingia ujumbe wa Mwalimu Nasra. Naunakili kama ulivyo: "Mzee Fransisko, pole na majukumu. Mjomba wa Judith anasema umemhamishia Kisaki. Ungenijulisha. Namba yake ya mtihani iko kwangu na siwezi kuihamisha sasa. Mlete afanyie hapa, ni mtoto wa kushika namba moja au mbili."

Nimeusoma nimesimama, kisha nimeketi kwenye mataruma ya reli nikausoma tena.

Shemeji, mwanangu yuko wapi?

Kama yuko kwako, kwa nini mwalimu hamwoni? Kama hayuko kwako, huyo aliyenenepa unayempikia njegere ni nani? Sikutukani. Wewe ulimlaza Cecilia mapajani siku ya mwisho mpaka miguu ikafa ganzi, na hukukubali mtu akupokee. Siwezi kukutukana. Lakini kalamu ya mtoto haiwezi kuisha miezi miwili katika kijiji chenye maduka matatu.

Nakuomba uniandikie ukweli, hata kama ni mbaya. Kama amekufa sema amekufa.

Fransisko


Mgeta, 29 Julai 2025

Shemeji,

Hajafa. Yuko nyuma ya ukuta huu ninaoegemea nikikuandikia.

Judith alivunja ungo baada ya Pasaka. Kwetu msichana akishakua anawekwa ndani, anakuwa mwali, anafundishwa, na siku ikifika anatolewa kwa ngoma. Zamani ilikuwa miaka. Siku hizi watu wanangoja likizo, wiki chache mtoto anarudi shule. Kaka Gabrieli alikuwa amekubali tungoje Desemba, mtihani ukishapita. Alikubali kwa mdomo wake, nikiwapo.

Halafu mzigo wako ukafika.

Wewe ni mtu wa reli na ni mwanamume, ungejuaje. Katika ukoo wetu, mtoto aliyefiwa na mama, baba yake akituma shanga za mama zimefungwa katika nguo ya mama, ana maana moja tu: nimewakabidhi, mwekeni ndani. Na akishatuma, hakuna wa kungoja tena, ni kama kumkatalia marehemu. Ndiyo maana wazee walikusifu. Nilipofungua mdomo kusema labda hakujua, mzee mmoja akanijibu, "Mtu mzima hafungi shanga kwa bahati mbaya." Jioni ile ile nikamwingiza Judith chumba cha nyuma. Mimi ndiye somo wake, wa kumfunda. Anayefunga komeo ni mimi.

Walisema likizo tu. Julai shule zikafunguliwa, kaka akasema bado hajafundwa vya kutosha. Mwalimu alipouliza akamwambia amekwenda kwako. Sasa ameshasema uongo na hawezi kurudi nyuma, na kila siku anaulinda.

Usimwone mbaya. Unamkumbuka Judith wa marehemu shangazi, aliyempa mtoto wako jina? Alipata mimba akiwa bweni, hajachezwa unyago, akafa uzazini na watu wakasema mjomba wake, yaani baba yetu, ndiye mzembe. Kaka ndiye aliyechimba lile kaburi. Akisikia neno bweni, anainuka na kuondoka.

Na mimi pia nimefungwa, shemeji. Somo wa mwali halali nje ya boma. Natoka mchana kwenda karoti na kurudi, nikichelewa naulizwa.

Chumba ni kile kile nilichowekwa mimi. Mimi nilikaa misimu miwili ya mahindi. Dirisha hakuna, ila upande wa migomba kuna tundu dogo kwenye udongo, Cecilia ndiye aliyelitoboa kwa kijiti cha mwavuli. Alikuwa mdogo, meno ya mbele hana. Kila jioni analeta njegere za kukaanga, anazisukuma moja moja, na mimi nakinga kiganja. Hazijawahi kufika zote, nyingine alikuwa anakula mwenyewe, nasikia anavyotafuna.

Tundu bado lipo. Judith anasoma kwa mwanga wake. Nilimwingizia daftari chini ya unga.

Eufrazia


Kisaki, 17 Agosti 2025

Shemeji Eufrazia,

Uliniona nilivyokuja, na hatukuweza kusema. Basi nakuandikia niliyotaka kuyasema.

Nilikuwa nimekwenda kwanza kwa afisa ustawi wa jamii. Ni kijana mpole. Akaniambia sheria iko upande wa mtoto, na kwamba mimi baba nina haki, nikiandika malalamiko watapanda na mgambo. Nikasema ngoja nikaongee kwanza na mjomba wake, tusifike huko.

Shemeji Gabrieli alinipokea vizuri mno, na hilo ndilo lililoniumiza. Alichinja jogoo. Nikamwambia, "Shemeji, zile shanga sikujua. Nazirudisha kwangu, nipe na mtoto." Akacheka kidogo akasema, "Wewe Fransisko, umekaa kwetu miaka yote hiyo umejua kulima kabichi tu?" Nikasema, "Ndiyo, nimejua kabichi tu." Akaacha kucheka. Akasema neno la baba halirudi, hata baba akitaka. Akasema Judith yuko kijiji cha Bunduki kwa mke wake, anasaidia kumuuguza mama wa huyo mke. Alisema huku ananitazama machoni, na machozi yanamlengalenga. Sijawahi kuona mtu anayedanganya kwa huzuni namna ile.

Halafu akasema taratibu, kama ananishauri, "Na mtu akileta serikali hapa, mtoto atavushwa msitu usiku huo huo. Huko juu ukoo una nyumba nyingi, nyingine hata mimi sijui njia."

Nilijua mwanangu yuko hatua chache nyuma ya mgongo wangu. Nilikula paja la kuku. Nilitaka kupiga kelele, nikaona mikono yako ilivyoshika sinia. Nikakohoa. Cecilia alikuwa anasema nikikohoa Mgeta nzima inajua bwana reli amerudi. Nikakohoa tena, kaka yako akaniletea maji.

Nimeteremka mlima nikiwa na maji ya kunywa na bila mtoto. Malalamiko sijaandika. Nikiandika wanamvusha, nisipoandika mtihani unapita. Niambie wewe unayemwona nifanye nini.

Fransisko


Mgeta, 24 Agosti 2025

Baba,

Shikamoo. Nilisikia ulivyokohoa. Nilijua ni wewe hata kabla mjomba hajakusalimia. Nikaweka mkono ukutani mpaka ulipoondoka.

Sijambo. Miguu inauma kidogo kwa kukaa. Mama mkubwa ananifundisha ya wanawake, mengine ni mazuri, mengine yanachekesha. Hesabu nafanya, ila sehemu zinanisumbua na hakuna wa kumuuliza. Mama mkubwa anasema yeye aliishia darasa la nne, sehemu anazijua za mkate tu.

Shanga za mama ninazo. Nazivaa. Baba usizichukie.

Kitanda cha juu sijasahau.

Mwanao,
Judith


Mgeta, 31 Agosti 2025

Shemeji,

Nimefikiri tangu ulipoondoka. Nimefikiri nikipalilia, nimefikiri kanisani mpaka nikakosa kusimama wakati wa Injili, Hosiana akanifinya.

Mwanamume haingii kwa mwali. Hafungui mlango, hachungulii, hata akisikia analia atamwita somo. Kaka hajawahi kuuona uso wa Judith tangu ile jioni. Anachojua ni kwamba komeo limefungwa, na kwamba mtu anakohoa au anasogeza kigoda mle ndani. Mke wake hayupo, bado anauguza mama yake. Mwanamke anayeingia ni mimi peke yangu.

Na mimi kila asubuhi kaka ananiona nikitoka kwenye ukungu na tenga kichwani, khanga mpaka machoni kwa baridi. Ananisalimia kutoka kibarazani, nainua mkono, napita.

Judith sasa ananifikia masikioni. Tumepima.

Siku za mtihani atatoka yeye na tenga langu, sare ndani ya khanga zangu. Hosiana atapita mapema na kulifunga komeo kwa nje, ili lionekane kama siku zote, na mimi nitakuwa ndani. Siku ya kwanza atarudi jioni na tenga. Siku ya pili asirudi. Akimaliza, Hosiana amshushe na gari la mboga, na wewe uwe unamsubiri sokoni Morogoro wanapomwaga kabichi.

Mwalimu Nasra anajua. Nilimwambia kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Aliniuliza kama nina uhakika. Nikamwambia uhakika sina, nina tenga.

Ukikubali usiandike mengi.

Eufrazia


Kisaki, 5 Septemba 2025

Shemeji,

Nitakuwepo sokoni. Nimemwomba msimamizi ruhusa, nimemwambia nakwenda kupokea mgonjwa. Kuna mama hapa stesheni, mjane, ana vyumba viwili na binti wa rika la Judith. Amekubali akae naye mpaka majibu yatoke.

Hujaniambia utakachofanya wewe baada ya hapo. Nimetafuta katika barua yako, sikukiona.

Fransisko


Mgeta, chumba cha nyuma, 11 Septemba 2025

Shemeji Fransisko,

Naandika nimeinamia tundu, kwa hiyo mistari ikipanda usishangae.

Jana ilikwenda salama. Asubuhi kaka alimwita, "Eufrazia, leo mapema!" Nikasikia kimya, nikafumba macho. Kumbe mtoto ameinua mkono kama mimi, na kiuno amekipinda upande kama mimi ninavyopinda. Aliporudi jioni nilimwambia, "Hivyo ndivyo ninavyotembea?" Akasema, "Mama mkubwa, wewe unatembea vibaya zaidi, nilikustiri." Tukacheka kwa kuziba midomo kwa khanga. Kidole chake kilikuwa na wino. Sehemu zilikuja nyingi, alisema, na hazikuwa za mkate.

Leo ametoka tena. Hosiana amefunga komeo. Nimekaa peke yangu mahali pale pale nilipokaa nikiwa msichana. Nilidhani nitaogopa. Nimekuta alama nilizochora kwa kucha, na juu yake alama za Judith. Ukuta wenyewe umeniinamia kidogo, au mimi nimekua. Kaka amepita mara mbili nje ya mlango. Mara ya pili alisimama. Nikakohoa kitoto. Akasema polepole, "Vumilia mjomba, karibu utatoka." Shemeji, ameshindwa kujua, alisema kwa upendo kabisa. Nimelia, na hilo nalo limefaa, maana mwali hulia.

Jua sasa limehamia upande wa migomba, na nimesikia majani makavu yakivunjika. Nilijua ni yeye. Nilikuwa nimemwambia apite njia ya shule moja kwa moja asirudi huku, hakunisikia. Hosiana anamngoja barabarani na gari limeshawashwa.

Ameweka mdomo kwenye tundu. "Mama mkubwa, nimemaliza yote. Nimejibu mpaka la mwisho."

Nikamwambia nenda.

"Na wewe utatokaje?"

Nimemwambia Hosiana atarudi kunifungulia. Si kweli. Hosiana anakuja na gari hilo mjini ili mtoto asiwe peke yake na wanaume wa gari, na atarudi kesho. Usimwambie Judith hilo mpaka mfike Kisaki.

Nikuambie wewe ulichotafuta katika barua yangu. Jioni kaka ataona Eufrazia hajarudi na tenga. Ataita, hatajibiwa. Atagonga huku, nitanyamaza. Hapo itambidi afungue mwenyewe mlango wa mwali, kitu ambacho hakuna mwanamume wa ukoo wetu aliyewahi kukifanya, au aniache humu. Sijui atachagua lipi. Akifungua, atamkuta mwanamke wa miaka hamsini na nne kwenye mkeka. Nitamwambia, "Kaka, mwali wako ni huyu. Nitoe."

Barua hii naikunja nyembamba, naipitisha tunduni, anakuletea mwenyewe. Mpokee yeye kwanza, karatasi utaisoma baadaye. Muulize kama ana njaa. Atasema hana, usimwamini.

Anasema nikinge kiganja. Amesukuma njegere moja ya kukaanga. Sijui kaitoa wapi, bado ina moto. Nasubiri ya pili, lakini nasikia anatafuna.

Wako,
Eufrazia